Namba za damu na ukusanyaji wa seli shina kwa mchangiaji mwenye afya

Mchangiaji wa seli shina (seli mama za uboho zinazozaa seli za damu) amekuja kwako akiwa mzima, na kila anachofanyiwa kwa siku tano hivi za sindano na ukusanyaji ni kwa faida ya mtu mwingine. Kwa hiyo namba zake za damu husomwa kwa jicho tofauti na namba za mgonjwa. Unatafuta majibu ya maswali mawili tu. Je, seli shina zimetoka kwenye uboho na kuingia kwenye damu kwa wingi wa kutosha? Na je, mwili wake bado unahimili? Swali la kwanza hujibiwa na CD34, alama iliyo juu ya seli shina inayotumika kuzihesabu. La pili hujibiwa na chembe sahani, seli nyeupe na kalsiamu. Makosa mengi huanza pale mtu anapochukua namba ya swali moja kujibu lingine, hasa anapoona seli nyeupe zimefika 50 akadhani mavuno yameiva.

Mwongozo huu unahusu ukusanyaji kwa mashine ya afaresisi (inayotenganisha damu katika tabaka, ikachukua seli shina na kurudisha nyingine mwilini) baada ya sindano za filgrastimu (G-CSF), dawa inayozisukuma seli shina kutoka kwenye uboho. Namba za seli nyeupe na chembe sahani zimeandikwa kama zinavyotoka kwenye mashine nyingi za maabara, yaani mabilioni kwa lita. Mipaka tunayotaja ndiyo inayotumika sana. Itifaki ya kituo chako ikisema tofauti, fuata itifaki.

Hatua ya 1: Namba za mwanzo, kabla ya sindano yoyote

Pima picha kamili ya damu pamoja na mgawanyo wa seli nyeupe, himoglobini, kazi ya figo na ini, LDH na fosfatesi ya alkali (vimeng’enya vya damu), kalsiamu na asidi ya yuriki. Pima kundi la damu na maambukizi (VVU, homa ya ini B na C, kaswende na mengine yanayotakiwa). Majibu ya maambukizi yasiwe na umri wa zaidi ya siku 30 siku ya kukusanya. Mwanamke anayeweza kushika mimba apimwe mimba, na kipimo kirudiwe karibu kabisa na sindano ya kwanza.

Kipimo cha selimundu kisiachwe. Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu hapewi filgrastimu kabisa: dawa hii imewahi kuleta mgogoro mkali wa maumivu na hata kifo kwa watu wenye ugonjwa huo. Wapo watu wazima wenye aina nyepesi ya ugonjwa ambao hawajawahi kugunduliwa, kwa hiyo usitosheke na maelezo ya mdomo. Mwenye kurithi jeni moja tu ya selimundu ni suala jingine. Daktari anaweza kumkubali baada ya kumtathmini.

Chembe sahani zinatakiwa ziwe 150 au zaidi. Mashine ikitoa 90 kwa mtu asiye na michubuko wala historia ya kutokwa damu, usimrudishe nyumbani kabla ya kuangalia damu kwa hadubini. Kwa watu wengine EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo kwenye mrija, hufanya chembe sahani zishikamane mafungu, na mashine huhesabu fungu zima kama seli moja au hulikosa. Chukua damu upya kwenye mrija wa sitrati, pima haraka, kisha zidisha jibu kwa 1.1, kwa sababu mrija huo una sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za damu. Mara nyingi ile 90 hugeuka kuwa 210.

Angalia pia mishipa ya mikono yote miwili, ukiwa umefunga mkanda kama siku yenyewe. Mchangiaji mwenye afya hastahili kuwekewa katheta ya shingoni au ya paja kwa sababu tu hakuna aliyemwangalia mikono mapema. Kama mishipa haifai, zungumzeni juu ya uvunaji wa uboho chini ya nusukaputi, ambao hauhitaji mashine wala sindano za filgrastimu.

Haya yote, pamoja na sahihi ya daktari anayemkubali mchangiaji, lazima yakamilike kabla mpokeaji hajaanza tiba kali ya kuua uboho wake. Tiba hiyo ikishaanza, mpokeaji hana njia ya kurudi nyuma: bila seli za mchangiaji hawezi kutengeneza damu yake tena. Mchangiaji aambiwe jambo hili waziwazi wakati bado ana uhuru kamili wa kukataa.

Hatua ya 2: Sindano za filgrastimu

Dozi ya kawaida ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mchangiaji kwa siku, chini ya ngozi, siku 4 hadi 5 mfululizo. Chupa na bomba zake huja zaidi kwa mikrogramu 300 na 480, kwa hiyo mtu wa kilo 78 hupata moja ya kila aina na hakuna kinachobaki. Kwa uzito usioangukia sawasawa, kadiria hadi kwenye mchanganyiko wa chupa ulio karibu, wala usijaribu kupima tone kwa tone.

Dawa hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8. Itoe nusu saa kabla ili isiume sana, na usiitikise. Badilisha sehemu ya kuchoma: leo tumboni upande wa kulia, kesho wa kushoto, keshokutwa pajani. Andika saa halisi ya kila sindano, si saa iliyopangwa. CD34 ikija ndogo siku ya tano, swali la kwanza daktari atakalouliza ni kama kuna dozi iliyorukwa au kuchelewa.

Maumivu ya mifupa huja kwa wengi, hasa kiunoni, nyongani na kifuani, mara nyingi kuanzia siku ya pili au ya tatu. Parasetamo hutosha kwa wengi, isizidi gramu 4 kwa siku. Aspirini isitumike, kwa maana inazima kazi ya chembe sahani siku chache kabla ya mashine kuzipunguza. Kichwa kuuma, uchovu na kukosa usingizi ni vya kawaida pia. Maumivu ya juu tumboni upande wa kushoto, au kwenye bega la kushoto, si ya kawaida. Bandama huvimba kidogo chini ya dawa hii na kwa nadra sana imewahi kupasuka. Mchangiaji mwenye maumivu hayo asimamishe dawa na aonwe na daktari saa hiyohiyo. Kwa sababu hiyohiyo asicheze michezo ya kugongana wala kubeba mizigo mizito mpaka wiki chache zipite.

Hatua ya 3: Kusoma picha ya damu siku ya 4 na ya 5

Chukua damu kabla ya sindano ya siku hiyo. Ndani ya nusu saa hadi saa moja baada ya filgrastimu kuingia, neutrofili (aina kuu ya seli nyeupe) hujibanza kwenye kuta za mishipa na hesabu hushuka kwa muda. Damu iliyochukuliwa katika dirisha hilo itakudanganya.

Kwa mtu mwenye afya, seli nyeupe siku ya tano huwa kati ya 30 na 60. Zikivuka 70 au 75, vituo vingi hupunguza dozi inayofuata kwa nusu. Zikifika 100, dawa husimamishwa. Mashine ya maabara itapiga kelele: neutrofili changa, mielosaiti na metamielosaiti (neutrofili ambazo hazijakomaa), pengine hata alama ya seli changa kabisa zinazofanana na za leukemia. Mtaalamu wa maabara asiyejua kwamba damu hii imetoka kwa mchangiaji anaweza kupiga simu ya dharura na kumtia mtu mzima hofu ya bure. Andika kwenye fomu ya kipimo: “mchangiaji, filgrastimu siku ya 5.” Maneno hayo machache huokoa asubuhi nzima.

LDH, fosfatesi ya alkali na asidi ya yuriki nazo hupanda, kwa sababu uboho unafanya kazi kwa kasi. Chembe sahani zinaweza kushuka kidogo hata kabla ya kugusa mashine, na hesabu ya leo ndiyo utakayotumia kuamua, si ile ya wiki tatu zilizopita.

Usitumie seli nyeupe kutabiri mavuno. Watu wawili wenye seli nyeupe 45 asubuhi moja wanaweza kuwa na CD34 ya 22 na ya 110 kwa mikrolita. Umri mkubwa na uzito mdogo huelekea kuleta CD34 ndogo, lakini hiyo ni mielekeo tu; mtu aliye mbele yako lazima apimwe.

Hatua ya 4: Kupima CD34 bila kujidanganya

Kabla ya dawa, damu ya mtu mwenye afya huwa na seli chache tu za CD34 kwa mikrolita. Zinaanza kupanda siku ya tatu au ya nne, na kilele huwa siku ya tano na ya sita. Baada ya hapo hushuka hata ukiendelea na sindano, kwa hiyo kusubiri “zipande kidogo” hadi siku ya nane ni kupoteza.

Kipimo hufanywa kwa saitometa (mashine inayosoma seli moja moja kwa mwanga) pamoja na shanga za kuhesabia, ambazo wingi wake unajulikana, na matatizo mengi hutokea kwenye meza, kabla mrija haujafika kwenye mashine.

1. Geuza mrija wa EDTA taratibu mara nane hadi kumi. Hesabu seli nyeupe kwanza. Zikizidi kikomo cha seti yako ya vitendanishi, punguza damu kwa kimiminika cha seti hiyo na uandike kiwango cha upunguzaji kwenye mrija wenyewe kwa kalamu isiyofutika.

2. Weka mikrolita 100 za damu chini kabisa ya mrija. Damu ikigusa ukuta, ifute kwa pamba: tone lililobaki juu halitakutana na kingamwili, na seli zake zitahesabiwa vibaya.

3. Ongeza kingamwili za CD45 (alama ya seli nyeupe) na CD34 pamoja na 7-AAD inayoonyesha seli zilizokufa. Acha gizani dakika 20. Ongeza kimiminika cha kuvunja seli nyekundu, subiri dakika 10. Usioshe, kuosha hupoteza seli, na hesabu ya shanga inakuwa haina maana.

4. Tikisa chupa ya shanga mpaka usione chochote chini, kisha ongeza mikrolita 100 kwa pipeti ileile iliyopima damu. Vuta kwa kubonyeza hadi kituo cha pili, toa kwa kubonyeza hadi kituo cha kwanza tu, na kinachobaki kwenye ncha kitupe. Kosa la asilimia 5 hapa ni kosa la asilimia 5 kwenye jibu lote.

5. Soma ndani ya saa moja. Seli unazotafuta zina CD34 angavu, CD45 hafifu na mwanga mdogo wa pembeni. Zinakaa pamoja kama kikundi kimoja. Nukta zilizotawanyika bila kikundi ni takataka. Endelea kusoma mpaka upate angalau matukio 100 ya CD34. Ukiishia 30, bahati peke yake inaweza kukupotosha kwa karibu asilimia 18. Ukifika 100 inashuka hadi 10.

Hesabu yake: matukio ya CD34 gawanya kwa matukio ya shanga, zidisha kwa wingi wa shanga kwa mikrolita, kisha zidisha kwa upunguzaji kama upo. Matukio 240 ya CD34, matukio 4,000 ya shanga, na shanga 1,000 kwa mikrolita, hukupa CD34 60 kwa mikrolita.

CD34 ya 20 au zaidi ni ruhusa ya kuanza. Kati ya 10 na 20, anza ukijua kuwa huenda siku moja haitatosha, na mpigie daktari wa mpokeaji kabla ya kuchoma mshipa. Chini ya 10, usimuunganishe mtu kwenye mashine kwa saa tano ili kupata karibu na sufuri. Kwanza rudia kipimo kwa damu mpya, hakikisha sindano zote zilichomwa, kisha mjadili njia nyingine: siku moja zaidi ya filgrastimu, uvunaji wa uboho, au plerixafori, dawa nyingine ya kutoa seli shina kwenye uboho, miligramu 0.24 kwa kilo chini ya ngozi. Kumpa mtu mwenye afya plerixafori kwa kawaida ni nje ya matumizi iliyosajiliwa, kwa hiyo inahitaji uamuzi wa daktari na ridhaa mpya ya mchangiaji, ambayo haiwezi kuchukuliwa juujuu akiwa tayari ameshalala kitandani.

Hatua ya 5: Kupiga hesabu ya damu ya kupitisha

Kiwango cha chini cha kupandikiza ni seli za CD34 milioni 2 kwa kila kilo ya mpokeaji; vituo vingi hulenga milioni 4 hadi 5. Soma tena: kilo ya mpokeaji. Kutumia uzito wa mchangiaji ni kosa linalojirudia, kwa sababu uzito huo ndio ulio kwenye faili lililofunguliwa mbele yako.

Chukua mpokeaji wa kilo 70 na lengo la milioni 4. Unahitaji milioni 280. Mchangiaji ana CD34 60 kwa mikrolita, sawa na milioni 60 kwa lita. Mashine haikamati zote. Tuseme kituo chako hukamata asilimia 40. Basi kila lita inayopita inakupa milioni 24, na 280 gawanya kwa 24 ni lita 11.7. Mwanaume wa kilo 75 ana damu ya lita 5.2 hivi, kwa hiyo damu yake itazunguka mara mbili na zaidi kidogo. Siku moja inatosha.

Badilisha CD34 iwe 25. Kila lita sasa inatoa milioni 10, na lengo lilelile linataka lita 28. Hilo halifanyiki kwa kikao kimoja. Lakini kiwango cha chini, milioni 140, kinapatikana kwa lita 14. Hesabu hii ya dakika mbili ndiyo inayomwezesha mchangiaji kujua saa mbili asubuhi kwamba atarudi kesho, badala ya kuambiwa saa kumi jioni akiwa amechoka.

Mambo mawili huharibu hesabu. La kwanza ni kutumia wastani wa ukamataji wa kituo: ukitumia wastani, karibu nusu ya wachangiaji wako hawatafikia lengo. Tumia namba ambayo robo tatu ya vikao vyako vya nyuma iliifikia au kuipita. La pili ni lita zenyewe. Lita zinazoonekana kwenye skrini mara nyingi zinajumuisha dawa ya kuzuia kuganda. Kwa uwiano wa 12 kwa 1, lita 12 zilizopita zina takriban lita 1 ya ACD-A, yaani dawa hiyo yenye sitrati. Chagua kuitoa au kutoitoa, lakini fanya hivyohivyo wakati wa kukokotoa ukamataji na wakati wa kutabiri.

Hatua ya 6: Kwenye mashine

Kikao cha kawaida hupitisha damu yote ya mwili mara 2 hadi 3 kwa saa 4 hadi 6. Sindano ya kuvutia iwe nene, geji 16 au 17, kwenye mshipa wa kiwiko. Mchangiaji aende msalani kabla hujaanza.

Rangi ya kinachoingia kwenye mfuko inasema mengi: iwe nyekundu iliyopauka, kama juisi ya nyanya iliyotiwa maziwa. Ikiwa nyekundu iliyoiva, mpaka kati ya tabaka umehama na unakusanya seli nyekundu na neutrofili nyingi. Ikiwa ya njano iliyopauka, unakusanya plazima na chembe sahani na kuziacha seli shina. Mtiririko unaokatikakatika kwa sababu mkono umekunjwa huvuruga mpaka huo kila mara, na kila kukatika hula dakika kadhaa za mavuno.

Dawa ya sitrati huzuia kuganda kwa kufunga kalsiamu, na sehemu yake hurudi mwilini. Mchangiaji ataanza kuhisi ganzi midomoni na kwenye ncha za vidole, pengine mtetemo kifuani. Muulize kila robo saa, kwa maana wengi hunyamaza wakidhani wanavumilia kwa ajili ya mgonjwa. Ukisikia ganzi, punguza kasi kwanza, kisha mpe kalsiamu ya kumeza. Ikiendelea, au misuli ikianza kukaza, simamisha na utoe kalsiamu glukoneti kwa mshipa kwenye njia ya kurudishia, kamwe si kwenye mfuko wa seli: kalsiamu ikifika huko itagandisha ulichokusanya. Wanawake na watu wenye miili midogo hupata hali hii mapema zaidi.

Ukitaka kuithibitisha kwa maabara, omba kalsiamu huru. Kalsiamu ya jumla huhesabu pia ile iliyofungwa na sitrati, ikaonekana ya kawaida wakati mtu anakaza vidole. Na damu isiwekwe kwenye mrija wa EDTA, unaofunga kalsiamu kama sitrati ifanyavyo.

Hatua ya 7: Baada ya mfuko wa kwanza

Changanya mfuko taratibu dakika kadhaa kabla ya kuchukua sampuli. Seli huzama haraka, na sampuli ya juu itakupa nusu ya ukweli. Pima CD34 kwa upunguzaji mkubwa zaidi. Mfuko wa mililita 250 wenye CD34 1,150 kwa mikrolita una milioni 287.5, yaani milioni 4.1 kwa kilo kwa mpokeaji wetu. Linganisha na utabiri wa asubuhi. Zikitofautiana sana, rudia kipimo kabla ya kumwita mchangiaji tena au kumruhusu aende zake.

Halafu pima chembe sahani zake, kwa maana mashine huziondoa kwa wingi: kushuka kwa theluthi hadi nusu ni jambo la kawaida. Kutoka 220 hadi 130 hakuhitaji hofu. Kama kuna siku ya pili, zipime tena asubuhi hiyo, na umpe sindano nyingine ya filgrastimu kabla ya kikao. Zikiwa chini ya 80, ahirisha au acha. Upungufu wa seli kwa mpokeaji una njia nyingine za kuuziba, na uwezekano wa kutumia uboho ulipaswa kuzungumzwa tangu hatua ya kwanza.

Hatua ya 8: Wiki na miaka inayofuata

Seli nyeupe hurudi karibu na kawaida ndani ya wiki moja hivi, chembe sahani ndani ya wiki moja hadi mbili. Kati ya wiki ya pili na ya nne neutrofili zinaweza kushuka kidogo chini ya kawaida ya mtu huyo, bila homa wala dalili, kisha zikapanda zenyewe. Mwambie mapema, ili daktari mwingine akipima damu yake kwa sababu nyingine asianze kumchunguza ugonjwa wa uboho.

Mpigie simu ndani ya wiki ya kwanza, pima picha ya damu baada ya mwezi mmoja, kisha mfuatilie mara moja kwa mwaka kwa miaka kadhaa. Akiuliza kama dawa itamletea saratani ya damu, mjibu kwa ukamilifu: ufuatiliaji wa muda mrefu wa wachangiaji haujaonyesha leukemia nyingi kuliko kwa watu wengine, na simu hizo za kila mwaka ndizo zinazowezesha jambo hilo kuendelea kuangaliwa.